Sangara na Kalamu Mbili: Maandishi ya Wataalamu na ya Waandishi wa Habari juu ya Utandawazi katika Ziwa Viktoria

Neno utandawazi ni geni katika lugha yetu. Lilienea katika miaka ya 1990 na baada yake, nalo limeundwa kwa kuunganisha kutanda na uwazi. Wako wanaopendelea kusema utandaridhi, neno ambalo ndani yake mna ardhi. Lakini ijapokuwa jina ni jipya, jambo lenyewe ni kongwe. Mwambao wetu ulifanya biashara na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi kabla ya kuja kwa wakoloni. Pembe za ndovu, karafuu na mkonge ni mazao ambayo bei yake haikuamuliwa na yule aliyeyatoa. Kilichoongezeka katika zama zetu ni kasi na upana. Samaki aliyevuliwa usiku karibu na Ukerewe aweza kuwa mezani huko Ulaya baada ya siku chache, ilhali aliyemvua hamjui mlaji, wala mlaji hamjui mvuvi.

Kwa kuwa watu hao wawili hawaonani, kila mmoja humjua mwenzake kwa njia ya maandishi. Hapo ndipo penye suala ambalo tunakusudia kulichunguza katika makala haya. Ni nani atuandikiaye habari za biashara hiyo ya dunia nzima, na huandika kwa namna gani? Kwa jumla tunaona kalamu mbili: kalamu ya mtaalamu wa chuo na taasisi, na kalamu ya mwandishi wa habari. Badala ya kuzilinganisha kwa maneno matupu, tumechagua mfano mmoja ulio karibu nasi, yaani habari za sangara wa Ziwa Viktoria. Mfano huu unafaa kwa sababu kalamu zote mbili zimeushughulikia kwa miaka mingi, na mwaka 2006 ziligongana hadharani kiasi cha kuwashughulisha viongozi wa taifa.

Samaki mgeni

Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanyika baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Zamani wakazi wa pwani zake waliishi kwa ngege, na kwa samaki wengine wa asili, wakiwamo furu, samaki wadogo wenye aina mamia. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa miaka ya 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu peke yao walikuwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki wa karibu na sakafu ya ziwa.

Sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta, hakuwamo. Yeye ni wa Mto Nile, na pia wa Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Alionekana katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda katika miaka ya 1950, baada ya kutiwa humo kimyakimya, kisha akapandikizwa rasmi mwaka 1962 na 1963. Wakubwa wa idara za kikoloni walitumaini kwamba samaki huyo mkubwa angewala furu waliohesabiwa kuwa hawana thamani, na kuwageuza kuwa nyama ya kuuzika. Kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuonekana kuwa na madhara makubwa. Halafu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, na katikati ya miaka ya 1980 upande wa Tanzania, aliongezeka ghafla, na furu wakapungua hata aina nyingi zisionekane tena.

Baada ya hapo vikaja viwanda. Vilitangulia Kenya, na katika miaka ya 1990 vikaenea Mwanza na Musoma. Viwanda hivyo huchuna minofu, huigandisha au kuihifadhi kwa barafu, na kuisafirisha ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ambayo huku kwetu huitwa mapanki, na huko Kisumu huitwa mgongo wazi. Maneno hayo mawili hayakutungwa na kamati yoyote. Yametungwa na wachuuzi, nayo yanatuambia mengi: kwamba mgawanyo wa samaki mmoja baina ya Ulaya na ufukweni ulikuwa jambo la kuonekana kwa macho, lenye kuhitaji jina.

Kalamu ya mtaalamu

Kalamu ya mtaalamu ilitangulia kufika. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilipima ziwa kwa niaba ya serikali za kikoloni, na katika taarifa yake iliyotoka 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka mahali pengine, bila ya kuchunguza kwanza, kungekuwa hatari. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja, aliandika tena kupinga mpango wa sangara. Maonyo hayo yalichapishwa, yakasomwa na wachache, na sangara akapandikizwa.

Yafaa tulizingatie jambo hili. Elimu ilikuwako, tena iliandikwa mapema, lakini haikuwa na nguvu ya kuzuia tendo. Wavuvi, ambao ndio wangepata faida au hasara, hawakuulizwa wala hawakupewa taarifa kwa lugha waielewayo.

Mwaka 1977 kundi la wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilianza kuchunguza furu katika ghuba ya Mwanza. Mwaka 1980 ikaundwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Kwa sababu hiyo, sangara alipoongezeka, walikuwapo watu waliokwisha kuwahesabu furu kabla ya msiba wao. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kalamu ya mtaalamu: huwapo kabla ya tukio na hubaki baada yake. Mwandishi wa habari aweza kusema kwamba samaki wamekwisha, lakini ni mtaalamu tu awezaye kusema walikuwa wangapi. Frans Witte na wenzake walikadiria mwaka 1992 kwamba aina zipatazo 200 za furu zimetoweka. Mmoja wa kundi hilo, Tijs Goldschmidt, alisimulia kazi hiyo katika kitabu kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994.

Sifa ya pili ya kalamu hii ni kwamba hujisahihisha. Mwaka 1985 Barel na wenzake waliandika katika jarida la Nature wakieleza kuharibika kwa uvuvi katika maziwa ya Afrika, na sangara alikuwa ndiye mshtakiwa wa kwanza. Ajabu ni kwamba katika miaka iliyofuata kiasi cha samaki kilichotolewa ziwani hakikupungua, bali kiliongezeka mara nyingi. Mwaka 1988 Reynolds na Gréboval, katika uchunguzi uliochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walionyesha kwamba sangara ameleta kazi na chakula kwa watu wengi wa ukanda wa ziwa. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake wakaongeza jambo jingine: furu humtambua mwenzi kwa rangi yake, na maji yanapochafuka kwa mbolea, udongo na uchafu wa miji, rangi hazionekani na aina huchanganyika. Sangara, basi, hakuwa mkosaji peke yake. Tena katika miaka ya 1990, sangara alipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu walianza kurudi.

Twaona kwamba msomaji aliyesoma makala ya 1985 tu angeamini jambo moja, na aliyesoma ya 1988 tu angeamini jingine. Maandishi ya kitaalamu ni kama mlolongo wa mashahidi mahakamani. Asikilizaye shahidi mmoja akaondoka hajasikia kesi.

Lakini kalamu hii ina upungufu wake. Huandika polepole, huandika kwa lugha za kigeni, na huandika kwa wenziwe. Mwaka 1997 Eirik Jansen aliandika taarifa iliyochapishwa na Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile, ambayo jina lake lasema kwamba uvuvi ni tajiri na wavuvi ni maskini. Mwaka huohuo yeye na Richard Abila wa Kisumu walichunguza safari ya samaki kutoka masoko ya nyumbani hadi masoko ya dunia upande wa Kenya. Walieleza jinsi viwanda vya kusafirisha minofu vilivyoongezeka, jinsi viwanda vya kusaga chakula cha mifugo vilivyogombea mgongo wazi na wanawake waliokuwa wakiukaanga na kuuza, na jinsi samaki wa mwananchi alivyopanda bei. Hayo yote yaliandikwa wazi, kwa hesabu na kwa majina ya mahali. Hata hivyo hapakuwa na maandamano, wala hotuba, wala mjadala wa Bunge. Taarifa ikawekwa kabatini.

Kalamu ya mwandishi wa habari

Mwandishi wa habari hutazama siku ya leo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa kwa hofu ya uvuvi wa sumu, habari hiyo ilifika kila nyumba yenye redio. Hapo ndipo wananchi wengi walipotambua kwa mara ya kwanza kwamba amri iliyotolewa Brussels yaweza kuangusha bei ya samaki mwaloni kabla ya mwisho wa juma. Hakuna kitabu cha uchumi kilicholifundisha somo la utandawazi kwa upesi namna hiyo. Lakini katazo lilipoondolewa, habari nayo iliondoka. Swali la kwa nini mwalo mzima umfungamanie mnunuzi mmoja wa mbali halikuwa tena habari ya siku.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa filamu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza. Filamu si gazeti, lakini ni ndugu yake: huenda mahali, huuliza watu, huonyesha nyuso. Ndani yake mna marubani wa ndege za mizigo, wenye viwanda, watoto wa mitaani, wanawake waliokuwa wakiuza miili yao, na mapanki yaliyoanikwa juani. Filamu haina msimulizi. Huweka picha hii kando ya picha ile na kumwachia mtazamaji aunganishe. Kwa njia hiyo ilidokeza kwamba ndege zinazochukua minofu kwenda Ulaya huja Afrika zikiwa na silaha. Filamu ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo ilikuwa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Oscar.

Kile ambacho taarifa za miaka ya 1990 hazikuweza kukifanya, filamu ilikifanya kwa muda wa saa mbili hivi: watu wa Ulaya walimwona yule aliye upande wa pili wa sahani yao. Hiyo ndiyo sifa ya kalamu ya mwandishi wa habari. Mtaalamu huandika "wavuvi", naye huandika mvuvi. Mtaalamu hutoa wastani, naye hutoa uso wa mtu.

Upungufu wake unatoka palepale penye sifa yake. Uso mmoja haujibu swali la ni wangapi. Picha mbili zilizowekwa pamoja si ushahidi kwamba jambo moja limezaa jingine. Mtazamaji wa Paris aliyeiona filamu aliweza kudhani kwamba Mwanza haina shule, haina soko, haina msikiti wala kanisa lenye watu waliovaa vizuri siku ya ibada, bali ina mapanki tu.

Mgongano wa mwaka 2006

Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliipinga filamu hiyo, kwanza katika jarida la Les Temps modernes, kisha kwa kitabu kizima kilichotoka 2006. Alidai kwamba habari ya silaha haikuthibitishwa na kwamba mapanki hayakuelezwa kwa haki. Sauper alimshtaki kwa kashfa. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani, na rufaa ya mwaka 2009 ikathibitisha hukumu hiyo.

Huku nyumbani filamu iliitwa "filamu ya mapanki". Katikati ya mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuichafua nchi, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Mjadala ukawa wa heshima ya taifa. Swali lililoulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote lilikuwa hili: Je, Watanzania hula mapanki, au mapanki ni chakula cha kuku?

Hapana shaka kwamba heshima ya taifa ni jambo la kulindwa. Lakini hebu tulipime swali lenyewe. Wote wawili, aliyeonyesha na aliyekana, walikuwa wamesahau kabati lenye taarifa za 1997. Humo ilikwisha kuandikwa kwamba mifupa ya sangara ilikuwa na njia mbili: sehemu ilikwenda kwa wanawake walioikaanga na kuiuza iwe kitoweo cha watu, na sehemu ilikwenda kusagwa iwe chakula cha mifugo. Tena ilielezwa kwamba njia hizo mbili zilikuwa zikigombana. Kula kichwa cha samaki si aibu. Kuna wanaokipenda kuliko mnofu. Suala halikuwa kama mapanki yanaliwa, bali ni nani aliyenyimwa mnofu kwa sababu ya bei, na ni nani aliyenyimwa hata mapanki kiwanda cha kusaga kilipotoa bei kubwa kuliko mama mkaangaji.

Swali hilo ndilo lililokuwa na uzito, nalo halikupata nafasi. Kalamu ya habari ililileta jambo uwanjani bila ya hesabu, na kalamu ya utaalamu iliyokuwa na hesabu haikuwako uwanjani. Baina yao pakabaki nafasi, na nafasi hiyo ikajazwa na hasira.

Mwenye wino na lugha ya wino

Yatupasa pia tuulize nani amlipiaye mwandishi wino. Uchunguzi wa furu ulitegemea sana fedha za Uholanzi, na kwa hiyo ulianza na samaki kabla ya kuanza na mvuvi. Taarifa za mashirika ya kimataifa huandikwa kwa wakubwa wa idara. Filamu ilitengenezwa kwa watazamaji wa Ulaya. Gazeti hutegemea serikali, chama, au mfanyabiashara mwenye tangazo. Hatusemi kwamba kila alipwaye husema uongo. Tunasema kwamba kila mlipaji ana swali lake, na maandishi hujibu kwanza swali la aliyelipa.

Hali kadhalika kuna suala la lugha. Graham, Fryer, Barel, Jansen na Abila waliandika kwa Kiingereza, na Goldschmidt kwa Kiholanzi. Magomvi ya filamu yaliandikwa kwa Kifaransa. Msomaji wa Kiswahili, ambaye ziwa ni lake, alifikiwa mwisho, tena alifikiwa na kelele za ugomvi zaidi kuliko kiini chake. Ilhali mengi katika hayo yalianza kwa Kiswahili na kwa lugha za ukanda wa ziwa. Wataalamu walijifunza aina za samaki, mahali pa kuzitafuta na nyakati zake kutoka kwa wavuvi. Mvuvi wa dagaa ajuaye kwamba taa yake haifai usiku wa mbalamwezi ana elimu iliyopimwa kwa vizazi. Elimu hiyo ilitoka ufukweni, ikaenda vyuoni, ikachapishwa, na haikurudi.

Jambo hili ni la utamaduni sawasawa na ngoma na mashairi. Taifa ambalo halina maandishi ya lugha yake juu ya mali yake litaijua mali hiyo kwa masimulizi ya wengine. Litasifiwa na wengine, litalaumiwa na wengine, na litakapotaka kujitetea halitakuwa na hesabu mkononi.

Wajibu wa shule

Walimu wa historia, jiografia na Kiswahili wanayo nafasi ya kuziba pengo hili, na kazi yenyewe haihitaji vyombo vya ghali. Mwanafunzi apewe habari moja ya gazeti na maelezo mamoja ya kitaalamu juu ya zao lilelile, liwe sangara, pamba, kahawa au korosho. Kisha aulize maswali manne. La kwanza: yaliandikwa mwaka gani, na ni nini kilichotokea baadaye? La pili: mwandishi alimwona nani kwa macho yake, na alimhesabu nani? La tatu: ni nani aliyelipa, na ni nani aliyekusudiwa kusoma? La nne: ni nani anayehusika na hakuulizwa?

Swali la mwisho lina mwalimu wake katika kila kijiji. Mwanafunzi wa Ukerewe au Musoma aweza kwenda mwaloni akamwuliza bibi aliyeanza kuuza samaki zama za ngege, akaandika majina ya samaki ambao vijana hawayajui tena, bei alizozikumbuka, na siku ambayo magari ya barafu yalifika kwa mara ya kwanza. Akilinganisha maelezo hayo na taarifa za wataalamu, atagundua mahali ambapo bibi amesahau, na atagundua pia mahali ambapo taarifa haikuuliza. Kazi ya namna hiyo ikikusanywa kutoka shule nyingi na kutunzwa vizuri, itakuwa akiba ya taifa.

Wala tusiwafundishe vijana kumdharau mwandishi wa habari kwa kuwa ana haraka, au mtaalamu kwa kuwa ana maneno magumu. Mwandishi wa habari hupiga mbiu watu wakusanyike, na mtaalamu huleta daftari la hesabu. Mbiu isiyo na daftari ilituletea mwaka 2006. Daftari lisilo na mbiu lilituletea mwaka 1962, sangara alipopandikizwa ingawa onyo lilikuwa limechapishwa miaka zaidi ya thelathini nyuma. Minofu itaendelea kusafiri, na watu wa mbali wataendelea kuandika juu yake. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba mambo hayo yanaandikwa pia kwa Kiswahili, kwa hesabu iliyo sahihi, na kwamba mama mkaangaji wa mapanki aweza kusomewa yaliyoandikwa juu yake na kusema ni kweli au si kweli.